Mashine ya Beji ya Orvokki

Orvokki, mpeleka barua mstaafu wa Kuopio, Finland, aliwaahidi wenzake wa chama cha kuogelea kwenye maji ya barafu beji sitini kufikia Jumapili. Alibaki kuchagua mashine ya kuzibana: ya plastiki, yuro arobaini, au ya chuma, mia mbili.

“Mama, ya plastiki itakufia kwenye beji ya ishirini,” alisema Ilpo, mfanyakazi wa maktaba ya mtaa. “Ya chuma tunayo hapa, bure.”

“Inashikwa na kila mtu.”

“Na vitabu je?”

Alikubali shingo upande. Kubana beji kulichukua saa moja. Kukata kwa mkasi vikaratasi vya duara vinavyowekwa ndani ya beji, siku mbili.

Jumapili waogeleaji walizivaa kwenye kofia za sufu, maana mwilini hapakuwa na nguo ya kutosha. Jumatatu Orvokki alinunua kikatio cha duara, yuro kumi na tano, akakiandika jina lake, akakiacha maktaba.