Mfupa kwa Gitaa la Kaka

Nilisikia uzi kabla sijamwona aliyekuwa akiukaza. Nilikuwa bado njiani natoka sokoni Masii, na mlio ule ulipanda, ukapitiliza, ukashuka, ukapanda tena, kama mbuzi anayezunguka kigingi alichofungwa. Kaka yangu alikuwa chumbani mwake na gitaa la umeme mapajani, lile la bei ya chini alilonunua kwa mshahara wa kinu cha posho.

"Haishiki," alisema, salamu kasahau. "Naikaza, nikifika katikati ya wimbo imeteleza."

Kiongozi wa bendi alikuwa amemwonya. Akiharibu wimbo mwingine, gitaa la kwanza litashikwa na mtu mwingine. Jumamosi angekuja kumsikiliza. Siku nzima kaka alisimama kando ya ile injini ya dizeli akisaga mahindi ya watu, na bendi ndiyo iliyomfanya aivumilie.

Tulianza na vifunguo vya kukazia nyuzi. Vya zamani vilicheza kama meno ya mzee, tukafunga vipya. Kisha kile kipande cha plastiki juu ya shingo, ambacho nyuzi hupitia: mifereji yake ilizibana. Nikaenda buchari kuomba mfupa wa ng'ombe.

"Wa supu?"

"Wa gitaa."

Mwenye buchari alicheka hadi akaweka kisu chini. "Basi muichemshe vizuri, isije ikawauma tumbo."

Tuliuchemsha ukatoa mafuta, tukauanika. Kaka akaukata, akausugua kwa msasa hadi ukakaa mahali pake, akapaka unga wa penseli ndani ya mifereji. Nikapima sauti kwa programu ya simu. Nilizivuta nyuzi, nikazipiga kwa nguvu, na kila moja ilirudi palepale. Nilipiga vigelegele. Yeye aliinamia uzi mwembamba, akakunja uso, akageuza kifunguo.

"Sasa umeutoa kwenye sauti!"

"Ulikuwa chini."

"Simu inasema uko sawa."

"Simu haijawahi kucheza benga."

Jumamosi kiongozi alikaa kitandani, kikombe cha chai mkononi. Kwenye bendi yao ya benga hakuna anayepima kwa simu. Mwimbaji hutoa sauti, gitaa likamfuata, kwa sababu koo la mtu haliamki sawa kila siku. Akatoa sauti moja ndefu. Kaka akakaza, akapita. Akaitoa tena. Kaka akalegeza, akapita upande wa pili. Jasho lilimtiririka shingoni.

Kiongozi alilichukua gitaa, akaimba huku akigeuza vifunguo, akapiga wimbo mzima. Halikuteleza hata kidogo.

"Gitaa haina shida, mwanake," alisema akimrudishia, akimwita kijana kwa Kikamba. Kisha akainua kikombe, akauliza kwa sauti ya chini huku mdomo umefichika, "Masikio yalianza lini?"

Kaka hakuinua kichwa. Alikuwa akipapasa ule mfupa kwa kidole gumba.

"Ni ile injini ya kinu," nikajibu mimi.

Kiongozi aliweka kikombe sakafuni. "Nitamwita yule kijana wa Katelembo ashike gitaa la kwanza."

Akachomoa waya, akauzungusha kwenye kiganja, akaibeba kifuani amplifaya ya bendi ambayo kaka alikuwa ameazimwa. Kaka aliona hilo.

"Ngoja, mzee. Nimeipata sasa. Imba tena!"

Mzee alinitazama mimi, si yeye. Akatoka kwa ubavu, mikono imejaa, akauvuta mlango kwa mguu hadi ukafungika.