Chemchemi Nane za Luhwindja

Mwaka 1984 Euphrasie Bulonza aliajiriwa Bukavu na programu moja ya maji, kutathmini kazi zilizofanyika vijijini. Hakupewa mwalimu. Alipewa Domitille, mwenzake wa cheo kilekile, aliyemtangulia miaka miwili tu. Walitembea pamoja, kila mmoja akisoma daftari la mwenzake na kumhoji mstari kwa mstari.

Huko Luhwindja, ripoti ya ujenzi ilidai chemchemi kumi na mbili zimejengewa na kuwekewa mabomba. Walizizungukia zote kwa siku tatu. Maji yalitoka kwenye nne. Ya mwisho ilikuwa shimo la matope. Hapo ndipo Cyprien, msimamizi wa ujenzi, alipowakuta, akiwa na wanaume watatu.

"Nani aliwatuma? Muko wapelelezi?"

"Tuko wa programu, papa," Domitille akajibu. "Tunaangalia tu kama maji inatoka."

Cyprien alimpiga mdomoni kwa mpini wa jembe. Meno mawili yakaanguka topeni. Euphrasie alikumbatia madaftari kifuani. Wakamwangusha, mmoja akamkanyaga mkono mpaka mfupa ukalia, wengine wakamponda mbavu kwa mateke hadi akayaachia. Wakayachana mbele ya macho yake. Wanawake waliokuwa shambani wakapiga yowe, na wale watu wakaondoka, tena bila haraka.

Lori la mihogo liliwafikisha Bukavu. Hospitalini Euphrasie alilia. "Niliachia madaftari," alisema.

Domitille, mdomo umevimba hawezi kusema, akaomba karatasi kwa ishara. Akaandika: "Chemchemi ya kwanza. Uliona nini?"

Kwa siku nne walijenga ripoti upya kutoka kichwani. Walipofika ya nane, Euphrasie akasema, "Andika: Cyprien aliiba mabomba, akaiuzisha kwa wachimba zahabu."

Domitille akaandika: "Uliona ao ulisikia?"

"Nilisikia. Kila mutu anajua!"

Domitille akaandika tena: "Basi, tuiache."

"Alikuvunja meno! Na unamutetea?"

Kalamu ilitoboa karatasi: "Namuchukia. Lakini hii iko ripoti, haiko kisasi."

Euphrasie aligeukia ukuta mpaka kesho yake. Kisha akaendelea, bila mabomba.

Mbele ya wakubwa wa programu Cyprien alitafuta uongo mmoja tu ndani ya ripoti ile, hakuupata. Alifukuzwa kazi, ila kwa kipigo kile hakuna aliyemhukumu. Domitille hakukanyaga Luhwindja tena. Euphrasie, mkono umeunga vibaya, alirudi mwaka uliofuata na mwenza mpya, Virginie, aliyetetemeka njia nzima.

"Mimi pia naogopa," Euphrasie alimwambia, wakashuka garini.