Ng'ombe Mmoja, Wadai Watano

Kazi yangu hapa Garsen ni kuuliza vijiji habari za ng'ombe waliopotea. Ng'ombe akiingia shamba la mtu, kijiji humfunga na kuandika chapa yake kwenye kompyuta ya hukohuko. Mimi nikiuliza, swali huenda vijiji vya Wema, Hewani na Chara kwa mpigo mmoja. Wema hujibu upesi. Chara hujibu ikijisikia.

Asubuhi moja alikuja mama mfugaji, Muorma, uso umemshuka. Ng'ombe wake mwekundu alikuwa hajarudi tangu jana, na ndama mchanga alikuwa nyumbani akilia njaa. Wema ikasema hayupo. Hewani, hayupo. Chara, baada ya kuniudhi vya kutosha, ikasema yupo. Nikabonyeza kitufe cha kumdai. Kimya.

"Kompyuta imekufa?" akauliza mama.

"Mtandao unajikokota tu, mama. Ombi liko njiani."

"Basi tuma ingine. Hiyo labda imelala njia."

Mama ana ndama anayelia, na mimi subira sikujaliwa. Nikabonyeza. Akaniambia tena, nikabonyeza tena, mpaka kidole kikachoka.

Mtandao ulipozinduka, maombi yote yakatua Chara pamoja. Kompyuta ya kule haikujua kwamba ni mtu yuleyule anayerudia maneno, ikaandika wadai watano. Na kule Chara, ng'ombe akidaiwa na zaidi ya mmoja, hafunguliwi mpaka kamati isikilize kesi.

Tukapanda bodaboda hadi Chara. Mwenyekiti wa kamati, mwanamke wa Kipokomo mwenye sauti ya kufukuza nyani, akaita mdai wa kwanza. Mama akasimama. Akaita wa pili. Mama akasimama.

"Wa tatu!"

"Ni mimi! Wote ni mimi! Mimi nagombana na mimi!"

Watu wakashika mbavu. Nikajaribu kueleza ucheleweshaji wa mtandao, nikakatizwa.

"Anayeshindwa hujitoa kwa mdomo wake," akasema mwenyekiti. "Umewaleta wewe, wasemee wewe."

Basi nikasimama mara nne, kila mara mtu mwingine, nikikana ng'ombe ambaye sijawahi kumdai. Wa mwisho nilimpa hata kikohozi. Nilikuwa nimeanza kunogewa.

Mama peke yake hakucheka. Alikuwa amepiga magoti kando ya ng'ombe, maziwa yakidondoka yenyewe mchangani, akiyakinga kwa kiganja.

"Watu wako wamemaliza kuongea?" akaniuliza. "Ndama ana njaa."