Mishale Iliyokwenda Kushoto

Baba alipokuja kukaa kwangu Butembo alileta begi moja, rozari na upinde wake. Mishale ilibaki upande wa Mabalako, katika shamba la kakao ambalo kwa miaka mingi alililinda dhidi ya kima kwa upinde huo. Aliutundika nyuma ya mlango wa sebule. Haikupita wiki, mke wangu akawa anatundika koti lake la mvua juu yake.

Sikuogopa baridi ya Butembo, ingawa baba aliilaani kila asubuhi. Niliogopa kwamba mtu ambaye hakuwahi kukaa bure angeanza kujiona mgeni aliyesahau kuondoka. Alishaanza kuomba ruhusa ya kuchukua kiti.

Basi nikaamua kumtengenezea mishale. Nina shahada mbili, na hakuna hata moja inayohusu mishale, lakini jambo hilo halijawahi kunizuia. Nilimwagiza dereva wa pikipiki anayefanya njia ya Beni aniletee uti wa majani ya mchikichi, nikaupasua, nikauchonga na kuulainisha kwa kipande cha chupa. Mahali pa unyoya nilipachika jani kavu ndani ya ufa, kama alivyokuwa akifanya yeye. Kisha nikaazima mizani ambayo mke wangu hupimia maharagwe sokoni, nikahakikisha mishale yote sita ina uzito mmoja.

"Muone sasa," baba akasema. "Profesa anapima mishale kama maharagi."

Lakini alikuwa anatabasamu. Alisimama nyuma ya nyumba, akalenga mgomba uliokwisha kukatwa mkungu. Mshale wa kwanza ulipita kushoto. Wa pili pia. Yote sita ilikwenda kushoto, kwa nidhamu ambayo wanafunzi wangu hawajawahi kunionyesha.

Nikatoa hotuba fupi juu ya upepo. Hapakuwa na upepo. Nikalaumu uzi wa upinde. Tukaubadilisha, mishale ikaenda kushoto. Baba akaurudisha upinde nyuma ya mlango.

"Upinde yangu imekufa," alisema. "Mama anaweza kutundika koti yake."

Siku tatu hakukanyaga nyuma ya nyumba.

Mke wangu ndiye aliyenifungua macho, akichambua maharagwe, bila hata kuniangalia.

"Kosa haiko ku mishale. Zamani papa alikuwa anavuta mpaka wapi?"

"Mpaka ku sikio."

"Na juzi?"

Juzi mkono wa baba ulikomea kifuani. Mshale mgumu hutaka upinde uliovutwa hadi mwisho; ukivutwa nusu, mshale haupindi inavyotakiwa wakati wa kutoka, nao huenda upande. Hayo alinifundisha yeye mwenyewe nilipokuwa mdogo, akikunja kila mshale juu ya goti na kuweka kando uliokataa kupinda. Nilikuwa nimechonga mishale ya mwanaume ninayemkumbuka. Huyu aliyekuwa akiishi nyumbani kwangu sikumpima.

Nikachonga mitatu mipya, myembamba. Baba alipokwenda misa nikaijaribu, nikiuvuta upinde hadi kifuani tu. Ilikwenda moja kwa moja hadi mgombani. Nikaiacha juu ya kiti chake, nikajificha jikoni kama mwizi wa sukari.

Alirudi, akachukua mmoja, akaukunja juu ya goti. Ukapinda bila ukaidi. Nikajuta.

"Nani alichonga hii?"

"Ni miye, Papa."

"Iko laini."

"Ndiyo, Papa."

"Laini sana." Aliukunja tena, polepole. "Papa yangu alinichongeaka ya laini vile, wakati ningali mutoto."

Aliondoa koti la mvua, akalikunja vizuri, akatoka na upinde. Nilimfuata. Alivuta hadi kifuani, pale mkono ulipotaka kuishia, akaachia. Mshale ukaingia katikati ya mgomba na kubaki ukitikisika. Akapiga wa pili, chini kidogo ya wa kwanza. Kisha akaniambia nilete ile sita migumu.

"Hii ni yako," alisema. "Nguvu iko mu mukono yako. Lakini akili, tutaona."

Nikavuta hadi sikioni, nikaachia kwa fahari. Mgomba haukuguswa. Mshale ulitoboa gunia la maharagwe lililokuwa ukutani, yakaanza kumwagika taratibu.

Mke wangu akatokeza dirishani. "Ni nani amefanya vile?"

"Profesa!" baba akapaaza sauti, akicheka hadi akashika mgomba. Kisha akanisogeza bega, akanipanga miguu kwa mshale wake wa tatu. "Rudilia, piga tena. Kiwiko juu. Juu, nakuambia!"

Siku hiyo hakuingia ndani mpaka mvua ilipotufukuza. Na alipoingia, alivuta kiti bila kumwomba mtu.