Saa Aliyoificha Lusubilo

Lusubilo wa Tunduma alichukia kazi ya kurudiarudia. Kutengeneza ukurasa mmoja wa mtandao, watu wauone ukibadilika papo hapo kwenye simu zao zote, kulimtaka aandike programu ya seva, aandike nyingine ya simu, kisha ahangaike kuzipatanisha. Akasema potelea mbali. Akajifungia chumbani miaka, mkewe Fortunata akiuza mchele, hadi akatoka na njia yake mwenyewe: unaandika mara moja tu, mistari michache, na mengine yote yanajiendesha ndani kwa ndani.

Akamfundisha Fortunata, naye akaishika upesi kuliko wanaume wote waliojiita mafundi kompyuta pale mjini. Mwaka 2014 Fortunata akaandika ukurasa wa kuita gari la wagonjwa la zahanati moja ya binafsi karibu na mpaka. Muuguzi akibonyeza kuomba gari, dereva anaona popote alipo. Lusubilo alitembea kifua mbele, na nani angemlaumu?

Kisha Ketrina, mdogo wake Fortunata, akajifungua pale, damu ikakataa kukoma. Muuguzi akabonyeza. Dereva alikuwa mbali, kijijini Ihanda, ametoka tu kuandika kwamba gari liko huru, na simu yake ikabaki hivyo hivyo, bila kuonyesha ombi. Muuguzi aliamini gari liko njiani. Alipokuja kumpigia dereva, Ketrina alikuwa anakata roho. Mtoto alipona.

Fortunata aliacha kula. Alisema amemuua ndugu yake, maana ukurasa ni wake. Lusubilo akafungua programu, akaliona kosa. Ndani kabisa aliweka kanuni kwamba taarifa mbili zikigongana, ishinde yenye saa ya mbele, kama inavyosomeka kwenye simu. Simu ya muuguzi ilikuwa na laini ya Zambia, ikijirudisha nyuma saa nzima kufuata saa za huko. Ombi lake likaonekana la zamani kuliko taarifa ya dereva, likatupwa.

Alimpigia mkewe magoti mkekani, moyo umempasuka.

"Mistari yako haina kosa, mama Tabita. Kosa ni langu. Niliificha saa ili usihangaike nayo."



"Mimi nimezaliwa hapa mpakani," Fortunata alisema. "Tangu utoto, mtu akinipa ahadi namuuliza, saa ya kwetu au ya kule? Ungeniachia niione, baba Tabita, ningeuliza."

Kichanga cha Ketrina kikalia chumba cha pili. Akainuka kwenda kukibeba, akamwacha mumewe pale pale, bado amepiga magoti.