Juba la Bluu

Harufu ya pasi ya makaa juu ya kitambaa kibichi ndiyo harufu ya Papa. Alikuwa fundi cherehani hapa Kalemie, enzi za Zaire, na kazi yake kubwa ilikuwa majuba, yale mavazi marefu ambayo wanaume wetu Waislamu huvaa siku ya Ijumaa. Mama alikuwa amefariki. Nyumbani tulikuwa wawili, na cherehani ya tatu. Mwaka nilioanza shule, mwalimu alitutangazia kwa Kifaransa kwamba Jumatatu kila binti aje na jupe ya bluu. Alitaka sketi. Mimi nilisikia juba. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini mimi na Papa tulikuwa na kiburi kimoja: fundi wa majuba aende kuuliza juba ni nini? Akashona. Likanifika vifundoni.

Jumatatu binti mmoja wa benchi la mbele akasema, "Mutoe viatu, shehe amefika." Darasa likaangua kicheko, mwalimu akageukia ubao, mabega yakimtikisika. Jioni Papa akalikata juba kiunoni, akatia mpira, likawa sketi. Lakini jina la Shehe halikukatika. Masika yote nilikaa benchi peke yangu, nikala muhogo na dagaa peke yangu nyuma ya ukuta, nikitazama mvua ikilipiga ziwa. Kiangazi kilipoingia sikurudi tena. Papa alizeeka akisema, "Mutoto wangu, ni mimi niliharibu masomo yako."

Sasa mjukuu wangu anasomea lugha chuo kikuu, Lubumbashi, nami hutembea barabarani kama niliyekizaa chuo chenyewe. Juzi alinipigia simu.

"Koko, hukukosea. Jupe ni juba. Waitaliano walilitoa kwa Waarabu, Wafaransa wakalitoa kwao. Zamani lilikuwa koti la wanaume. Wajerumani bado wanaita koti Joppe. Warusi wanaita sketi yubka. Wafaransa walilishusha polepole, likabaki chini ya kiuno."

Kumbe Ulaya ilihitaji karne. Papa, mkasi na jioni moja.

Leo nyumba yangu imejaa watoto, wote wanasoma, hakuna anayekula peke yake. Nilikitoa sandukuni kile kipande cha juu cha juba, chenye mikono, nikakinusa. Makaa hayamo tena. "Papa, ulishona sawa," nikasema kwa sauti. Watoto wakanitazama, kisha wakarudia madaftari yao. Hakuna aliyeuliza ninasema na nani.