Tangazo Lililoishia Uani

Mimi ni fundi wa mtambo kwenye redio moja ndogo ya Kimemi, hapa Butembo, na aibu hii ni yangu peke yangu. Asubuhi ile drayva, yaani amplifaya ndogo inayoisukuma ile kubwa, ilikuwa imelegea. Nilichomoa kebo ya antena, nikachomeka sanduku la majaribio linalomeza nguvu yote, nikabadilisha transista iliyoungua. Mshale wa nguvu ukapanda. Hata karedio ka mlinzi, pale uani, kakasikika safi. Nikavimba kichwa.

Mama Kavira alikuwa akingoja na tangazo la kifo: bwana wake anazikwa saa tisa, mtoto wao aliye kwenye shamba la kakao Oicha, kusikofika simu, aje haraka. Lilisomwa mara sita.

Jioni alirudi na kijana aliyejaa vumbi. "Papa fundi, tulimungoja mpaka tukazika. Habari alipewa na mutu wa pikipiki."

"Redio ilikuwa mukononi tangu asubui," kijana akasema. "Hakuna kitu nilisikia."

"Mais, lakini tulisoma!" Nikawafungulia chumba cha mtambo, wajionee mshale. Ulikuwa juu kabisa. Kebo ya antena ilikuwa sakafuni, miguuni mwetu.